Akiulizwa Mara ya Pili

Walisema arudie. Mtoto ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameshang'oka, anayefunga kamba za viatu vyake mwenyewe na kunikumbusha kwamba chumvi imeisha, arudie PP2, darasa la mwisho la chekechea ambalo alikuwa karibu kulimaliza, akae mwaka mwingine mzima akipaka maembe rangi. Habari hizo nilipewa nikiwa nimesimama kwenye veranda ya shule moja ya kibinafsi hapa Ruiru. Mwalimu mkuu alikuwa ameshika kitasa cha mlango wa ofisi yake, kuonyesha kwamba hana la kuongeza.

"Hajakomaa, mzazi," aliniambia. "Si vibaya. Kila mtoto na wakati wake."

Kosa lenyewe lilikuwa maji. Katika intavyuu ya kuingia Gredi ya Kwanza, ambayo shule iliiita mazungumzo ili isisikike vibaya, mtoto wangu aliwekewa bilauri mbili zinazofanana, zote zimetiwa maji mekundu kiasi kimoja. Kisha mwalimu mkuu akachukua maji ya bilauri moja akayamimina kwenye bilauri nyingine, nyembamba na ndefu, akamuuliza ni wapi kuna maji mengi. Sisi wazazi tuliachwa nje kwenye viti vya plastiki tukichekeana kwa wasiwasi, kwa hivyo nasema nilivyoambiwa. Mtoto alisema yako sawa. Halafu akasema ya bilauri ndefu ndiyo mengi. Mtoto wa kugeuzageuza maneno hivyo, akasema mwalimu mkuu, hajui.

Chekechea aliyokuwa akisomea haikuwa na madarasa ya mbele. Wenzake wote walikuwa wanaondoka, na rafiki yake wa mlango wa pili kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, ambaye wametambaa naye kwenye korido moja, alikuwa amepita intavyuu hiyohiyo asubuhi hiyohiyo. Wawili hao walikuwa wameshapanga nani atakaa upande wa dirisha. Na ni mimi niliyetakiwa kwenda nyumbani kumwambia kwamba mwenzake ataendelea na yeye atabaki na watoto wanaonyonya vidole.

Sikumwambia. Nilimwambia baba yake, ambaye alifikiri kidogo akasema, "Si arudie tu? Hata mimi nilirudia." Kuna sentensi ambazo mtu huziacha zipite ili ndoa iendelee.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba mambo haya nilikuwa nayasoma. Kila Jumamosi nilikuwa napanda hadi Thika, kwenye chuo kimoja kilicho ghorofani juu ya duka la mbolea, kusomea diploma ya elimu ya watoto wadogo. Somo letu la muhula huo lilikuwa ukuaji wa mtoto na namna anavyojifunza. Mwalimu wetu alikuwa mzee mmoja nadhifu, mwenye tai na miwani ya kamba, na alifundisha kwa imla.

"Mtoto si chupa ya kujazwa," angesoma, akitembea kati ya madawati, "koma, bali ni mtafiti mdogo, koma, anayejenga maarifa yake mwenyewe kwa kutenda, nukta."

Nasi tunaandika. Watu wazima, wengine wana wajukuu, tumeinama kimya tunajazwa. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyeona kichekesho hicho, maana hakuna aliyecheka, na mimi nilikuwa nimechoka kucheka peke yangu.

Hata hivyo, maneno yenyewe yalikuwa mazuri, siwezi kuyanyima haki. Alitusomea kwamba mtoto mdogo hudanganywa na macho: akiona maji yamepanda juu kwenye bilauri nyembamba, anadhani yameongezeka, na hilo huisha lenyewe akikua. Alitusomea kuhusu kiunzi: mtu mzima humsaidia mtoto pale anapokaribia kuweza, halafu anautoa msaada wake kidogokidogo, vile fundi anavyotoa mbao simiti ikishashika. Alitusomea kwamba tendo likituzwa hurudiwa, na kwamba mtoto hujifunza kwa kutazama wakubwa kuliko kwa kuambiwa. Yote niliyaandika kwa mwandiko mzuri.

Jumamosi ile baada ya intavyuu nilinyoosha mkono, jambo ambalo darasani kwetu lilikuwa kama kusimama kanisani katikati ya maombi. Nikauliza: kama ni kawaida kwa mtoto wa umri huo kudanganywa na urefu wa bilauri, shule inawezaje kumkataa mtoto kwa sababu ya jambo la kawaida?

Mzee alisimama. Akanitazama juu ya miwani. "Una uhakika hilo ndilo swali unalotaka kuuliza?"

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Nimeelewa."

Nikaketi. Sikuwa nimeelewa kitu. Nilipoteremka ngazi jioni nilikuwa nimejikasirikia hadi nikampita mwuza ndizi wangu wa kila wiki bila salamu, naye akaniita nyuma, "Kwani leo tumekosana?"

Nikaamua kumpima mtoto mwenyewe. Jumatatu alipotoka shule nilimmiminia uji kwenye vikombe viwili vya bati, nikamwonyesha viko sawa, kisha nikamwaga kimoja kwenye ile chupa ndefu ya maji yake ya shule. Nikamuuliza uji mwingi uko wapi.

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina la mamake. "Iko sawa. Si ni ile ulimwaga?"

 Basi alijua! Macho hayakuwa yamemdanganya, na hakubahatisha pia, maana alikuwa na sababu yake: ni ule ule, umemwagwa tu. Kwa furaha nikataka kulisikia tena jibu hilo tamu.

"Uko sawa?" nikauliza.

Akaangalia uso wangu. Akaangalia chupa. "Hii ndio mingi," akasema, akagusa chupa.

Nilidhani amechoka. Nikajaribu kwa maharagwe: nikapanga safu mbili zinazolingana, nikaitawanya moja ionekane ndefu. Ziko sawa, akasema, umezivuta tu. Ziko sawa? Hapana, hizi ndizo nyingi. Nikajaribu kwa chapati, moja nzima na nyingine iliyokatwa vipande. Ni moja na moja, akasema. Ni moja na moja? Hapana, mami, hii ya vipande ndio kubwa. Kila mara jibu la kwanza lilikuwa safi, na kila mara la pili lilikuwa takataka, na takataka hiyo aliitoa kwa upole kabisa, ananitazama usoni kuona kama nimeridhika. Chapati ilipoa. Nilimwambia ale aende akacheze, kwa sauti ambayo sikuipenda.

Niliwalaumu wote niliowakumbuka. Niliilaumu chekechea, niliilaumu runinga, nikamlaumu baba yake kwa kurudia darasa. Maana mtoto asiyejua unaweza kumfundisha, lakini huyu aliyejua na akakitupa anachokijua, unamfundisha nini?

Jumapili tulikwenda Theta kwa mamangu, ambaye mtoto humwita cucu. Cucu bado ana shamba lake dogo, ingawa nyumba za kupangisha zimeota pande zote na siku hizi mahindi yake yanachunguliwa na watu kutoka ghorofani. Alikuwa amepika kuku na mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na majani ya maboga, na alikuwa na mgeni, mama mmoja wa kanisa lao.

"Karibu chai," cucu alimwambia mgeni baada ya chakula.

"Aah, hapana, nimeshiba kabisa," akasema mgeni, akishika tumbo.

"Hata kidogo?"

"Haya, basi, kidogo."

Alikunywa vikombe viwili. Hakuna aliyeshangaa, wala mimi sikushangaa, maana ndivyo ilivyo kwetu. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, na anayekataa mara ya pili ana kiburi, au ana kinyongo na mwenye nyumba. Mara ya kwanza unajibu kwa adabu, mara ya pili unajibu anachotaka aliyekuuliza. Hata mtu mwenye njaa ya kuanguka atasema ameshiba, akijua ataulizwa tena, na asipoulizwa tena atakusema hadi barabarani.

Kisha cucu akamgeukia mtoto, akimwita msichana kwa Kikuyu. "Kairitu, ongeza mukimo."

"Nimeshiba, cucu."

"Ati umeshiba?"

Na mtoto wangu, ambaye kweli alikuwa ameshiba, nilikuwa nimemwona akilegeza mshipi wa sketi, aliangalia uso wa nyanyake akasema, "Niongeze kidogo."

"Ona mtoto ako na adabu!" cucu akamwambia mgeni, huku akimtilia mukimo, na juu yake akamwekea firigisi, ile nyama ya heshima ambayo mimi sijawahi kuwekewa katika nyumba ile. Mgeni akapiga makofi kidogo. Mtoto akatabasamu na pengo lake.

Mwiko wa cucu ulikuwa bado hewani nilipoona jambo lote, na nilitamani kugonga kichwa kwenye meza. Tendo likituzwa hurudiwa, nukta. Mtoto hujifunza kwa kutazama wakubwa, nukta. Nilikuwa nimeyaandika! Nilikuwa nayo nyumbani kwa wino wa bluu, na nikawa nahangaika na maharagwe. Tangu alipojua kukaa, huyu mtoto alikuwa amefundishwa na nyumba nzima, kila Jumapili, kwa nyama na sifa, kwamba mkubwa akikuuliza mara ya pili anakuomba ubadilishe. Wala hakuwa na tatizo la maji. Alikuwa na adabu tu.

Nilirudi kwa mwalimu mkuu. Nilimwuliza alimuuliza mtoto wangu mara ngapi.

"Mara mbili," akasema, "tena kwa upole. Alipojibu mara ya kwanza nilimwambia, una uhakika? Nilikuwa nampa nafasi."

"Nafasi ya nini, na alikuwa ameshapata jibu?"

"Mzazi, watoto wengi hubahatisha. Lazima tuhakikishe."

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya mukimo, ya chai, ya firigisi, na nikiwa katikati niliona anavyoniangalia, kwa subira ile ya watu waliozoea wazazi. Alikuwa mtu wetu, wa huku huku, na nina hakika hata yeye hajawahi kukubali chai mara ya kwanza maishani mwake. Lakini ndani ya ofisi ile alikuwa mwalimu mkuu, na mambo ya chai yalikuwa mambo ya nyumbani.

"Kila mzazi huwa na sababu," akasema. Halafu, nadhani ili niondoke, akasema, "Mlete Ijumaa. Tutarudia. Na akibadilisha tena, mzazi, tukubaliane atarudia darasa bila kelele."

Nikakubali. Nilikubali mara ya kwanza, bila kuulizwa tena, kwa hivyo mnaweza kujua nilivyokuwa na hofu.

Siku zilizobaki tulifanya mazoezi jikoni. Nilimwambia, "Mwalimu akikuuliza tena, sema lile lile."

"Hata kama nimekosea?"

"Kama umekosea, badilisha."

"Sasa nitajua aje?"

 Lilikuwa swali zuri kuliko lolote nililosikia katika chuo kile, na sikuwa na imla ya kulijibu. "Angalia maji," nikasema mwishoni. "Usiangalie uso wa mwalimu. Uso hauwezi kukwambia maji ni kiasi gani."

Katika hali hiyo cucu alitukuta, amekuja na nduma za kutuletea, akaketi kwenye stuli akatusikiliza. Nilimuuliza mtoto juu ya uji, akajibu. Nikamuuliza tena, akasema, "Iko sawa." Nikampigia makofi.

"Ngai!" akasema cucu. "Unafundisha huyu mtoto kujibizana na watu wazima?"

"Mami, namfundisha kushikilia ukweli."

"Na akishikilia kwa kila mtu? Akija kwangu nimwambie ongeza, aniambie nimeshakuambia? Watu watasema huyu ni mtoto wa nani?"

"Watasema ni mtoto aliyeshiba!"

Alikasirika. Mimi pia nilikasirika. Tulikasirikiana huku tukimenya nduma, na mtoto akatazama uso mmoja hadi mwingine, akitafuta ni upi wa kuridhisha. Hapo ndipo niliposikia huruma badala ya hasira. Aliniuliza, sauti yake ndogo, "Mami, kwa cucu niseme aje, na shule niseme aje?"

"Shuleni angalia maji," nikamwambia. "Kwa cucu, kula tu."

Cucu akaguna, lakini aliicheka hiyo.

Ijumaa niliruhusiwa kukaa ndani, nyuma kabisa, karibu na kabati. Maji yalikuwa yale yale mekundu. Nilikalia mikono yangu miwili, maana nilijijua. Fundi anayetoa mbao haogopi kama mimi nilivyoogopa. Ukuta ukianguka atajenga mwingine.

Mwalimu mkuu alimimina. Akauliza.

"Yako sawa," akasema mtoto. "Umemwaga tu hapa."

"Una uhakika?"

 Mtoto aliinua macho kwa mwalimu, akatafuta usoni mwake kama jibu ni baya au zuri. Kisha akageuka kunitafuta mimi. Nikaangalia viatu vyangu. Lilikuwa jambo gumu sana, kumnyima mtoto wangu uso wangu, na niliuangalia mshono wa kiatu cha kushoto mpaka macho yakaniwasha. Nilipochungulia, alikuwa ameinama, pua karibu na bilauri, anatazama maji.

"Yako sawa," akasema. Halafu, kwa upole wake ule ule wa kwa cucu, akaongeza, "Lakini mwalimu, kama unataka niseme haya ndio mengi, naweza kusema."

Mwalimu mkuu aliacha kuandika. "Nani amekwambia nataka useme hivyo?"

"Umeniuliza tena."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kwa kuwa sikuweza kuchagua nilikohoa. Mwalimu mkuu alizitazama bilauri zake kwa muda, kama mtu anayekumbuka watoto wengine walioketi kwenye kiti kile. Hakusema alikuwa amekosea. Watu wa kazi hii ninayoisomea hawasemi. Aliinuka akaimwaga ile bilauri ndefu kwenye sinki, akaisuuza na kuifuta, akarudi kuketi.

"Basi, mzazi," akasema, "mnataka aingie Gredi ya Kwanza Januari."

"Ndiyo," nikasema.

"Una uhakika?"

Sijui kilichonipata. Mimi niliyekuja pale kugombana, mwenye madaftari yaliyojaa imla za Thika, nilimwangalia usoni na nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ama… nyinyi mnaonaje, labda kama…"

"Mami amesema ndiyo," akasema mtoto.

Mwalimu mkuu akatutazama sote wawili, akaandika.

Tulipofika kwenye geti niliilaumu hiyo "ama" yangu kwa sauti hadi askari wa shule akageuka. Mtoto aliruka madimbwi mbele yangu, anasema rafiki yake atakaa upande wa dirisha siku za jua na yeye siku za mvua. Simu ikalia. Alikuwa cucu, ambaye bila shaka alikuwa ameishika simu yake tangu asubuhi.

"Amepita?"

"Amepita, mami."

Nikasikia akivuta pumzi. "Ati amepita?"

 Nikampa mtoto simu.

"Cucu, nimepita," akasema. Akasikiliza, ameinamisha kichwa, anachora tope kwa ncha ya kiatu.

"Nimepita," akasema tena, kwa sauti ile ile.